Wimbo Mmoja Tu, Bila DJ

Baba mkubwa wangu wa Katuba, hapa Lubumbashi, hana makuu. Hadai gari, hadai nyumba. Anataka wimbo mmoja tu ndani ya simu yake: gitaa la Jean Bosco Mwenda, yule fundi wa gitaa wa Katanga, ule aliorekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952. Enzi hizo upande mmoja wa santuri ulibeba dakika kama tatu. Mtu anapiga, anamaliza, anaenda zake. MP3 ya kawaida, ile ya kilobiti 128 kwa sekunde, inakula karibu mega moja kwa dakika. Mega tatu! Hata mimi ninayeishi kwa forfe ya intaneti ya kuombaomba siwezi kuzikosa.

Sasa utafute uone.

Kwanza unakutana na video. Video ya nini? Picha moja ya gitaa na ua jekundu, haitikisiki mwanzo hadi mwisho, na wewe mega zako zinakwenda kuitazama isivyotikisika. Ukisema uishushe, vinatokea vitufe. Kile kikubwa cha kijani kinakupeleka kwenye kamari. Cha pili kinakutangazia kwamba simu imejaa virusi, bonyeza upesi uokoke. Cha kweli ni kile kidogo cha kijivu, kimejibanza chini kabisa kama mdaiwa siku ya mshahara.

Haya, umeingia. Unafungua: “DJ! DJ! Mukubwa wa Lubumbashi!” Bosco hajagusa uzi, mwenzake ameshajitaja. Gitaa likianza tu kusema, DJ anamkatiza mzee ili asalimie mashemeji wa Kasumbalesa. Chini yake wamemwaga ngoma za amapiano kutoka Afrika Kusini, na sauti imeharakishwa mpaka Bosco amerudi utotoni. Halafu hawaachi wimbo peke yake: wameushona na mingine, saa nzima bila kupumua, karibu mega sitini. Mimi niliomba dakika tatu!

Mpwa wangu, aliyesoma, ananituliza. “Papa, remiksi njo sanaa. Kule Jamaika, King Tubby alifanya vile miaka ya 1970.” Nikamwuliza alifanyaje. Ati alikuwa anaondoa sauti ya mwimbaji, anabakiza besi, ngoma na mwangwi. Sawa! Yule alikuwa anatoa. Wa kwetu wanatia tu. Hakuna anayetoa kitu, labda pesa yangu mfukoni.

Basi nikashuka komini ya Kenya (hii ya kwetu, msinitafute Nairobi), kwa kijana mmoja wa kabine, kibanda cha simu, anayeuza uniti na kujazia watu muziki kwenye karte ya memori. Mashine yake ina mafaili yamepangwa: VIEUX, VIEUX BON, VIEUX BON FINAL, VIEUX BON FINAL YA KWELI (yaani za zamani, za zamani nzuri, na kuendelea). Akafungua ya kweli.

“DJ! DJ! Mukubwa wa Lubumbashi!”

“Mtoto, huyu tena?”

“Papa, njo yenyewe. Alitia tu chumvi kidogo.”

“Toa chumvi.”

Akanitazama kwa huruma, vile daktari anavyomtazama mgonjwa asiye na pesa. “Bila kelele ya DJ iko na bei yake, Papa.”

Yaani mji huu kelele ni ya bure, kimya kinauzwa. Tukavutana bei, nikalipa, nikabeba karte hadi Katuba.

Na kweli, DJ hayumo. Gitaa tupu, safi, kidole gumba kinatembea chini, cha shahada kinacheza juu. Baba mkubwa akafumba macho. Kumbe aliyerekodi aliweka simu yake karibu na redio, uani, mchana. Katikati ya wimbo jogoo anawika, halafu mama mmoja anaita kwa nguvu zote: “Kabwe! Weee Kabwe! Kuya kula bukari!”

Nikajiandaa kupokea matusi. Baba mkubwa akasikiliza hadi mwisho, akaniomba niurudishe pale katikati, akatega sikio vizuri.

“Sasa huyu Kabwe,” akasema, “mbona haitiki?”