Kinu kizima, meli imelala: vipuri vya manowari za nyuklia

Kwenye vijiwe vya madereva wa malori pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, wanaozisifu manowari za Marekani za kubeba ndege wana hoja nzito. Za aina ya Nimitz zilijengwa 10, ya kwanza ikaanza kazi 1975. Kila moja ina vinu viwili vya nyuklia, yaani mitambo inayoipa meli nguvu, na fueli ya vinu hubadilishwa mara moja tu katika maisha ya karibu miaka 50. Nafasi ambayo meli nyingine ingejaza mafuta yake ya kutembelea, hizi huweka mafuta ya ndege na silaha. Kwa mtu anayelipia dizeli kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, sifa hiyo inaingia akilini mara moja.

Nakubaliana nao nusu. Ndege zinakunywa mafuta, na meli nyingi za kuzilinda manowari hizi pia, kwa hiyo meli ya kuleta mafuta haikwepeki. Hiyo mara moja ya kubadilisha fueli nayo si kazi ndogo: George Washington, moja ya hizo Nimitz, iliingia matengenezo 2017 ikatoka 2023, wakati mpango ulikuwa miaka minne.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni kipuri. Novemba 2000 manowari ya Ufaransa ya kubeba ndege, Charles de Gaulle, nayo ya nyuklia, ilikuwa kwenye majaribio Bahari ya Atlantiki ilipovunjika rafadha, lile panga la nyuma linalosukuma meli. Rafadha za akiba zilipokaguliwa zikakutwa nazo zina kasoro ya kusubu, yaani ya kumimina chuma kwenye kalibu, na kiwanda kilichozitengeneza kilikuwa kimeshafilisika. Ikabidi wafunge rafadha za manowari za zamani, Clemenceau na Foch. Mwendo ukashuka kutoka noti 27 (noti ni kipimo cha mwendo wa meli) hadi karibu 24, na haukurudi mpaka matengenezo makubwa ya 2007 na 2008. Na tatizo halikuwa kwenye vinu vyake!

Je, nyuklia ndiyo ya kulaumiwa? Hapana, na hapa wapinzani wa meli hizi hupitiliza. Prince of Wales, manowari ya Uingereza ya kubeba ndege, haina nyuklia hata kidogo, lakini Agosti 2022 iliharibika kiungo cha shafti muda mfupi tu baada ya kutoka Portsmouth, ikaishia gereji hadi mwaka uliofuata.

Kwangu mimi, swali la kwanza ni chombo kina ndugu wangapi, yaani vingine vya aina yake. Enterprise ya Marekani ya 1961 ilikuwa na vinu 8 na haikujengwa nyingine ya aina yake. Ilipozeeka, baadhi ya vipuri vilibidi vitengenezwe upya kimoja kimoja kwa kuwa hakuna aliyeendelea kuviuza. Nimitz 10 zinaweza kugawana akiba moja na mafundi walewale. Hata hivyo undugu una hatari yake: Januari 2023 wakaguzi wa Bunge la Marekani walieleza kuwa kung'oa kipuri meli hii ili kufunga ile kumeongezeka katika jeshi lao la majini. Ukishaanza hivyo, moja inapona na nyingine inabaki gofu.

Sisi wa Mbeya tuna sababu ya kulijali hili, kwa sababu karakana ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, iko hapa. Reli ile ilianza na vichwa vya treni vya Kichina, baadaye vikaja vya muundo wa Kimarekani, kisha vya Kichina tena vya aina nyingine, kila kundi na vipuri vyake. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia ziliikabidhi kampuni ya CCECC ya China reli hiyo kwa miaka 30, uwekezaji ukitajwa kuwa dola bilioni 1.4. Watu wanahesabu vichwa vipya vitakavyoletwa. Mimi ningependa kwanza kuona vyote vinakuwa vya aina moja, michoro yake inawekwa karakana ya Mbeya, na vijana wetu wanafundishwa kutengeneza hapahapa vile vipuri vinavyochakaa haraka, kabla kichwa cha kwanza hakijapanda mlima kutoka Mlimba kwenda Makambako.