Bonde la Msimbazi: nani ahame, na ahamie wapi?

Mvua ikinyesha Dar es Salaam usiku kucha, kuna swali moja linalozunguka mjini kabla hata chai haijachemka: Jangwani, pale barabara inapovuka bonde la mto Msimbazi, panapitika? Jibu likiwa hapana, jiji limekatika vipande viwili. Mabasi ya mwendokasi hayavuki, mwenye duka Kariakoo anatafuta njia ya kuzunguka, na mgonjwa aliyetakiwa kufika Muhimbili asubuhi amekwama Magomeni akiyatazama majengo ya Upanga ng'ambo ya maji.

Mto Msimbazi wenyewe si mkubwa. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata na Kigogo, unamwaga mchanga wake Jangwani kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Salender. Kiangazi, kuna sehemu unavuka kwa miguu. Masika ndipo unapodai eneo lake lote. Kwa sababu hiyo Serikali imeingia kwenye mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde hili. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, na Uholanzi na Hispania zikaongeza. Mpango ni kuchimba mto uwe na kina, kuinua kingo, kujenga daraja refu la juu pale Jangwani, kuiondoa depo ya mabasi yaendayo haraka, na kuligeuza bonde la chini kuwa bustani kubwa ya jiji. Ili hayo yawezekane, maelfu ya familia hazina budi kuondoka.

Hapo ndipo mvutano unapoanza, na umekuwa mkali kwenye vijiwe na vyombo vya habari kwa sababu kila upande una jambo la kweli mkononi.

Wanaosema watu wahame wana hoja nzito, na anayewatetea wakazi wa mabondeni bila kuikabili hoja hiyo hawatendei haki wakazi hao hao. Desemba 2011, siku chache baada ya nchi kusherehekea miaka 50 ya Uhuru, ilinyesha mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijaonekana kwa miaka 57. Watu wapatao 40 walikufa jijini. Wengine walikaa juu ya mabati usiku mzima, watoto mapajani, wakisubiri mitumbwi. Toka hapo mafuriko yamekuwa mgeni wa kila msimu. Masika ya 2024, ikichochewa na El Nino, ilipoteza maisha ya watu 155 nchi nzima, kwa takwimu ambazo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alizitoa bungeni mwezi Aprili. Bahari ya Hindi inazidi kupata joto, na bahari yenye joto hupeleka mvuke mwingi zaidi angani. Mvua zilizokuwa zikija mara moja katika kizazi sasa mtoto wa darasa la saba ameshaziona mara kadhaa.

Tena sheria ipo wazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ukisimama Mchikichini au Magomeni Suna mto ukiwa umefura, huhitaji mwanasheria wa kukueleza sababu ya mita hizo. Bonde ni sifongo la jiji. Likijazwa kifusi na tofali, maji hayapotei. Yanahamia barabarani na kwenye nyumba ya jirani. Kumwacha mtu alale mahali ambapo tunajua maji yatafika, kisha kuiita hiyo huruma, ni kumkosea.

Sasa msikilize mkazi mwenyewe. Hakuibuka bondeni usiku. Kiwanja alikinunua kwa mtu, mbele ya mashahidi na mjumbe, karatasi ikagongwa muhuri. Akaunganishiwa umeme, akaunganishiwa maji, akalipa kodi ya jengo. Uchaguzi ukifika wagombea walishuka bondeni kumwomba kura wakamwahidi mtaro. Kwa miaka mingi dola ilimtambua kwa vitendo, kisha siku moja mtu akaja na kopo la rangi nyekundu akachora X ya kubomolewa ukutani. Na wakati yeye anaambiwa kwamba pale ni eneo hatarishi, depo ya mwendokasi ilijengwa katikati ya bonde hilo hilo la Jangwani. Mabasi yalianza kazi Mei 2016 na depo ikajaa maji, mabasi yakaharibika. Kosa hilo sasa linarekebishwa kwa fedha za mradi, vizuri. Lakini lilimfundisha mkazi jambo ambalo hakuna semina itakayomsahaulisha: kwamba hatari ya bonde hupimwa kwa kuangalia nani anajenga.

Halafu kuna historia ya kuhamishwa. Baada ya mafuriko ya 2011 waathirika walipelekwa Mabwepande, kaskazini ya jiji, wakapewa viwanja. Kwenye karatasi lilikuwa jambo jema: ardhi kavu, imepimwa, bure. Ila mtu aliyekuwa akibeba mizigo Kariakoo au kuuza chapati na supu Magomeni alijikuta anahitaji daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na kibarua chake kinaanza alfajiri. Wapo waliovumilia na leo wana nyumba nzuri huko. Wapo pia waliouza kiwanja kwa bei ya haraka wakarudi bondeni kupanga chumba. Mpango wa viwanja 20,000 wa miaka ya mwanzo ya 2000 ulikuwa na ugonjwa kama huo: vilipimwa Bunju, Kibada, Tuangoma na kwingineko pembezoni, na wengi walioweza kuvilipia walikuwa wenye mishahara na magari. Maskini hakuukataa mpango. Hakuumudu.

Nimelifuatilia suala hili kwa muda mrefu, na msimamo wangu ni kwamba bonde la chini, kuanzia Kigogo hadi Salender, litoke mikononi mwa nyumba. Nayasema haya nikijua yanawauma watu. Lakini kuna mambo mawili ambayo mpango wowote ukiyaruka utakuwa umelihamisha tatizo.

La kwanza ni maji yanakotoka. Mkazi wa Jangwani hafuriki kwa mvua iliyonyesha juu ya paa lake pekee. Anafurikishwa na mvua iliyonyesha Pugu, Kinyerezi na Segerea, kwenye vilima ambavyo miaka 30 iliyopita vilikuwa mashamba na mapori na leo ni mabati, uzio na sementi hadi kizingitini. Maji yaliyokuwa yakizama ardhini sasa yanatimua mbio kwa saa chache tu, yakiwa yamebeba udongo wa vilima vilivyokatwa miti, na udongo huo ndio unaoziba chini ya daraja kila mwaka. Unaweza kuuchimba mto leo. Miaka michache baadaye utakuwa umejaa tena kama huko juu hakuna kilichobadilika. Mwenye ghorofa kilimani aliyemwaga zege uwanja wake mzima naye ni mshiriki wa mafuriko haya. Haombwi ahame. Angalau atakiwe kuacha sehemu ya kiwanja iwe udongo, achimbe shimo la kupokea maji ya paa, na kibali cha ujenzi kisitoke bila hayo. Mzigo wa mto hauwezi kubebwa na wanaoishi mwisho wa mto peke yao.

La pili ni umbali. Hapa mjini tayari tuna mfano mzuri ambao hautajwi vya kutosha. Magomeni Kota, hatua chache kutoka bondeni, familia 644 zilivunjiwa nyumba za zamani na kusubiri kwa miaka. Mwishowe zilijengewa maghorofa papo hapo, Rais Samia Suluhu Hassan akayazindua Machi 2022. Soko ni lile lile, shule zile zile, na Kariakoo bado unafika kwa miguu ukiamua. Wachumi watasema, na hawakosei, kwamba ghorofa ni ghali, kwamba familia 644 ni tone mbele ya maelfu ya bondeni, na kwamba wakazi wale walikuwa na madai ya kisheria ambayo mpangaji wa chumba kimoja Suna hana. Wapo pia wanaohofia kwamba mama mwenye jiko la mkaa na ndoo za maandazi hawezi kuendesha biashara ghorofa ya sita. Haya yote ni ya kujibiwa kwa hesabu na michoro. Lakini mradi wenyewe unakusudia kutumia udongo utakaochimbwa kuinua kingo ziwe ardhi ya kujengwa, katikati kabisa ya jiji, ardhi ambayo wawekezaji wataigombania. Sehemu yake ikitengwa tangu sasa kwa ajili ya nyumba za kupanga za bei ya chini, wakazi wa bondeni waliofanyiwa tathmini ya fidia wakapewa nafasi ya kwanza, hoja ya umbali inapungua sana.

Mpangaji hasa ndiye anayenisumbua. Fidia huenda kwa mwenye nyumba. Aliyepanga chumba, na ndio wengi, hubeba godoro akatafute bonde jingine. Nairobi waliliona hilo mwaka 2024, walipobomoa nyumba za kingo za mito baada ya mafuriko na kuahidi shilingi 10,000 za Kenya kwa kila kaya. Fedha hiyo haitoshi hata kujipanga upya mtaa wa pili.

Na mabonde mengine yapo. Sensa inaonyesha Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 2.5 mwaka 2002, milioni 4.36 mwaka 2012 na milioni 5.38 mwaka 2022. Ukiangalia harakaharaka utadhani kasi imepungua. Tazama Mkoa wa Pwani: kutoka watu milioni 1.1 mwaka 2012 hadi milioni 2.02 mwaka 2022. Jiji halikupoa, limemwagikia kwa jirani. Leo madalali wanaonyesha viwanja kando ya mto Mzinga kusini na mto Mpiji kaskazini, na bei ya kiwanja cha bondeni, kama ilivyokuwa Msimbazi zamani, ndiyo nafuu kuliko zote. Mita 60 za Mzinga na Mpiji zinaweza kuwekewa mawe ya mipaka mwaka huu, wakati hakuna wa kuvunjiwa, na gharama yake ni mafuta ya gari la wapima ardhi, saruji kidogo, na mwenyekiti wa mtaa atakayekataa kugonga muhuri.