Saa Kumi, Saa Mbili

Baba mkwe wangu hatoki bila kofia. Tangu nipeleke posa sikuwahi kumwona kichwa wazi. Ni ile kofia ya kushonwa kwa mkono, vitobo vidogo vidogo, ambayo ikizeeka inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Mke wangu alishanionya: "Kwa baba shika chochote, kofia usiiguse." Na kweli mimi sikuigusa. Iliguswa na ndoana.

Mimi ni dereva wa watalii Arusha. Mwaka juzi nilimwendesha mzee mmoja wa Kizungu aliyetoka kuvua samaki waitwao trauti kwenye vijito vya Mlima Kenya. Trauti si wenyeji wa huku kwetu. Waliletwa Kenya mwaka 1905 kutoka Uskoti, na mpaka leo wanataka maji ya baridi ya mlimani, yale ambayo ukitia mguu unakumbuka madeni yako yote. Mzee alikuwa na fimbo nyembamba ya kuvulia na kikasha cha nzi. Si nzi wa chooni, jamani. Nzi bandia: kijindoana kama kucha ya mtoto mchanga, kimevishwa nyuzi na manyoya ya kuku. Trauti anadhani mdudu kadondokea majini, anameza, kwisha habari yake.

Siku ya kuagana akanizawadia vyote. Jioni ile akanifundisha kwenye bustani ya hoteli, juu ya majani makavu, ndoana katoa, kafunga kipande cha sufu. Nzi hana uzito, akanieleza, kwa hiyo unachorusha ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene makusudi. Unaupeleka nyuma, unasubiri unyooke, ndipo unaurudisha mbele. Ila fimbo ina mipaka miwili, isivuke. Hapo akanyoosha mkono, na kwa Kiswahili chake cha siku kumi akasema: "Saa kumi! Saa mbili! Saa kumi! Saa mbili!"

Nikatazama saa yangu ya mkononi. Ikiwa saa mbili, mshale mfupi uko kwenye nane, chini kushoto. Ikiwa saa kumi, uko kwenye nne, chini kulia. Nikasema sawa, kumbe fimbo inalala mbele, inalala nyuma, kama mtu anayefyeka. Mzee wa watu angenirekebisha, ila simu yake ikaita, akageuka kuongea.

Novemba tukaenda ukweni, kijiji jirani na Mtama, mkoani Lindi. Msimu wa korosho huo, kijiji kizima kinanuka mabibo. Usiku wa kwanza, mbele ya sahani ya ming'oko, nikajitapa kwamba kesho kitoweo juu yangu.

"Utavulia nini, mkwe?" baba mkwe akauliza.

"Nzi, baba."

Akatafuna kwanza, akameza. "Nzi."

"Wa bandia."

"Sisi hata wazima tunawafukuza. Lukuledi ina kambale na perege. Kambale yuko chini kwenye tope, anatembea usiku, anafuata harufu. Chimba mnyoo."

Nikamwambia mnyoo ni mambo ya zamani. Mungu anisamehe.

Asubuhi tukashuka mtoni. Mimi mbele na fimbo, baba mkwe na kofia yake, na mtoto wa shemeji yangu, yuko darasa la sita, kabeba ndoo ya lita 20 ya kutilia samaki. Mke wangu na mama mkwe walishatangulia, wanafua upande wa chini, hatua kama sitini kutoka tulipo.

"Baba, mamba je?"

"Kiangazi hiki maji yanaishia magotini, mamba akae wapi? Labda kenge."

Juu ya tawi alikuwepo mdiria. Akajirusha majini kama jiwe, akaibuka na kisamaki, akakipigapiga kwenye tawi, akameza, akanitazama. Hana fimbo, hana kikasha.

Baba mkwe akakaa nyuma yangu, kwenye kivuli cha mkwaju, apate kuona vizuri. Nikaanza. Saa mbili, saa kumi. Saa mbili, saa kumi. Mara ya tatu fimbo ikawa nzito kule nyuma. Nikadhani ndio mshipi umenyooka, nikaivuta mbele kwa nguvu zangu zote.

Kofia ikapita juu yangu, ikageuka hewani, ikatua katikati ya mto.

Nikageuka taratibu. Kichwa cha baba mkwe kilikuwa kinang'aa kama yai la bata. Lakini hakuwa akinitazama mimi. Anatazama maji, na hakusema "kofia yangu". Alisema, "Hela!"

Ndani ya pindo la kofia zikaanza kutoka noti, moja moja, zinafunguka zenyewe kwenye maji. Wekundu wa Msimbazi watupu, zile za elfu kumi, kila mmoja na tembo wake juu, wanashuka na mkondo kwenda kule kule kwa wanaofua. Na wiki mbili mfululizo mzee alikuwa akimwapia mama mkwe kwamba pesa ya korosho bado haijaingia.

Nikaruka majini kuwawahi. Hatua tatu tu, matete yakatikisika, likachomoka jitu refu la magamba, likanipita ubavuni. "Mamba!" Nilirudi ukingoni bila kandambili, sijui zilibaki wapi. Alikuwa kenge. Naye, nadhani, alikuwa anatukimbia sisi.

Ukelele wangu ndio ulioharibu kila kitu, maana wanawake wote wakainua vichwa. Mama mkwe akaona kinachokuja. Hakupiga kelele. Aliitandaza khanga yake majini, pindo huku na pindo kule, kama anatanda dagaa, akawakusanya tembo wote. Akahesabu kwa sauti, polepole, mpaka kumi na mbili. Akafunga kwenye pindo, kisha akanisemesha moja kwa moja, yeye ambaye miaka yote husema "mwambie mumeo".

"Mkwe wangu, ahsante. Umevua."

Baba mkwe alirudi nyumbani na ndoo kichwani. Mchana tulikula kambale wa jirani, aliyenaswa kwa mgono.

Jioni nikamweleza yule mtoto habari ya saa kumi na saa mbili. Akafikiri kidogo. "Mjomba, huyo mzungu alikuwa anasoma saa ya kwetu au ya kwao?"

Sikumjibu. Nilikwenda kulala.

Siku hizi mama mkwe akipiga simu, ananikaribisha nyumbani. "Uje msimu wa korosho, mwanangu. Na fimbo usiisahau."

Halafu kwa mbali nasikia: "Aje bila fimbo!"