Hakimiliki ya kiwanja, hakimiliki ya wimbo

Muulize mtu wa Makorora au Mikanjuni, hapa Tanga mjini, kuhusu kiwanja chake, atakujibu kwa fahari: "Kina hatimiliki hicho." Hilo neno "miliki" ndilo linalonikera. Linampa mtu zaidi ya alichopewa na sheria.

Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Wewe wa mjini umepewa haki ya kuikalia na kuitumia, kwa muda usiozidi miaka 99, tena kwa masharti: ujenge, usibadili matumizi bila kibali, ulipe kila mwaka. Na unacholipa kinaitwaje? Kodi ya pango la ardhi. Pango! Mwenye mali gani anayelipia pango mali yake?

Ajabu ni kwamba mwanakijiji wa Pangani mwenye hakimiliki ya kimila anaweza kuishikilia bila kikomo cha muda, huku bwana mkubwa wa Raskazone akitamba na karatasi ya miaka 33. Masharti nayo si mapambo. Mkoani kwetu yapo mashamba ya mkonge yaliyofutiwa hati kwa sababu hayakuendelezwa.

Mwaka huohuo wa 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7. Humo neno "miliki" linatulia. Mtunzi wa taarabu wa Ngamiani akishaandika wimbo wake, ni wake. Halipii pango, hafutiwi kwa kutouimba, na sheria hiyo iliuweka ulinzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. (Kulipwa ni habari nyingine, muulizeni mtunzi yeyote.)

Mimi ningetaka hati ya kiwanja iitwe hati ya haki ya matumizi, na muda wake uandikwe kwa herufi kubwa juu kabisa. Najua kuna watakaosema benki zitaogopa kukopesha. Benki zinajua siku nyingi. Zinatazama miaka iliyobaki kabla ya kutoa mkopo. Wasiojua ni warithi. Wanakaa kikao cha mirathi, wanagawana vyumba na uwanja, wanagombana mpaka kwa kadhi, na hakuna aliyefunua ukurasa wa masharti kuona muda unaisha lini na nani ataomba uongezwe.