Eti Tunapumzika Istanbul

Atakayekwambia "twende tukapumzike Istanbul," muulize kwanza mnapumzika kwa miguu ya nani.

Mji wenyewe unajisifia kuwa umejengwa juu ya vilima saba. Jamani, hilo si la kujisifia, hilo ni la kumwonya mgeni kabla hajakata tiketi. Na Mama Watoto asubuhi ile kaamka, kavaa raba mpya, kanitangazia kwamba leo hatuna haraka, hatuna ratiba, tunatembea taratibu tu, mtu na mumewe. Mie nikavaa makubadhi. Ukiambiwa taratibu si unavaa makubadhi?

Tukaanza na Ayasofya. Jengo ni kubwa, sibishi. Mfalme Justinian alianza kulijenga mwaka 532, na 537 limekwisha, kuba lina upana wa mita thelathini na kitu, watu wanaingia. Miaka mitano! Mie fundi wa choo nyumbani Wete ananizungusha mwaka wa tatu, kila nikimpigia ananiambia saruji imepanda. Lilianza kanisa, Sultani Mehmed alipouteka mji mwaka 1453 likawa msikiti, baadaye likafanywa makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena. Kinachonihusu mie ni kwamba mtalii wa kigeni hupandishwa ghorofani, na ghorofani ni euro 25. Kwa kichwa kimoja! Kutazama ghorofa!

Nikamwambia Mama Watoto sisi ni Waislamu, adhuhuri imeingia, mlango wa wanaosali ni bure, twende tukasali. Akasema atasali, lakini na picha za vigae kule juu anazitaka. Basi kila mtu akashika njia yake. Mlinzi wa mlango wa wenye kusali alinitazama mara mbili. Nikampa salamu ndefu, na baraka zake zote, mpaka mwenyewe akaona aibu akanipisha.

Nimesali. Nikakaa kidogo nivute pumzi. Zulia lile la rangi ya feruzi ni laini, na makubadhi yalikwishaanza kunila. Naomba nieleweke: sikulala, nilifumba macho.

Yakafumbuliwa na simu. Tukakutana nje, mwenzangu anang'ara uso kwa euro zangu 25.

"Baba Watoto, umekosa! Kuna Malkia Zoe kule juu, na mumewe."

"Wako sawa?"

"Yule mwanamke kaolewa mara tatu, na kila anayemuoa ndiye anakuwa mfalme. Sasa wanasema mafundi walikwishatengeneza picha ya mume wa kwanza ukutani, na vipande vya dhahabu. Mume alipobadilika, wakabandua kichwa, wakatia cha mwingine. Kiwiliwili kilekile, nguo zilezile. Hata jina wamelifuta wakaandika la mpya."

Nikamuuliza yule wa kwanza, mwenye kiwiliwili, alikwenda wapi.

"Romanos? Alifia kwenye hodhi la kuogea, mwaka 1034. Watu walisema mengi. Zoe akaolewa siku hiyohiyo."

Alivyolitamka hilo "siku hiyohiyo" hakuwa akitazama minara wala njiwa. Alikuwa akinitazama mie.

Tukateremka Eminönü, mtaa wa ufukweni, kwa miguu. Tramu inapita pale pale, inatuchora kwa kengele, lakini Mama Watoto anasema huko ni mteremko, kwa nini tulipe nauli. Hesabu za wanawake uzikubali tu. Malkia aliyekufa zamani kalipiwa euro 25, mume aliye hai hana nauli ya tramu.

Huko kuna soko la viungo wanaloliita Soko la Misri. Limesimama tangu karne ya 17, linanukia toka mlangoni. Kwenye duka moja nikaona kilima cha karafuu kimepangwa vizuri, taa imewashwa juu yake kama bibi harusi. Nikauliza bei. Akaniambia bei ya gramu 100.

Gramu! Mie mtoto wa Pemba, niliyepanda mikarafuu kabla sijajua kufunga kamba za viatu, nimechambua usiku kwa kandili, nimeanika jamvini na kukimbia na majamvi mvua ikinyesha, leo napimiwa karafuu kwa gramu! Nikaishika, nikaivunja, nikainusa. Humo ndani makonyo tele, vile vijiti vya shada la karafuu. Kwetu ukipeleka karafuu yenye makonyo kiasi kile, mpimaji anakurudisha nyumbani ukachambue upya. Nikamweleza muuzaji kwa Kiswahili, polepole, ili anielewe. Akanipa chai.

Hiyo chai nayo ni kesi yake. Kigilasi kimebinywa kiunoni, hakina mkono, chai inachemka, maziwa hakuna, tangawizi hakuna. Unakishika kwa vidole viwili pale juu ukingoni huku unatabasamu. Nimekunywa vitano. Na karafuu nimenunua, gramu 100, Mama Watoto kasema ni adabu ukishakunywa chai ya mtu.

Tukavuka daraja la Galata, wavuvi wamejipanga na mishipi yao mwanzo mpaka mwisho, wananitia wivu kwa sababu wamesimama. Halafu kilima. Huko kuna mnara waliojenga watu wa Genoa mwaka 1348, na wale hawakuujenga bondeni, waliuweka mahali ambapo mtu wa makubadhi atajuta. Ngazi, kona, ngazi, paka kalala kwenye ngazi ananitazama kwa huruma. Mama Watoto yuko mbele anapiga picha na kuniambia nitabasamu.

Tulipofika kule juu, tukasonga mbele kidogo, nikaona watu wanatoka ardhini, wakavu, hawahemi. Nikasoma kibao. Treni! Inaitwa Tünel, inapita chini ya kilima kuanzia kule kule tulikotoka, safari ya kama dakika moja na nusu. Wameifungua mwaka 1875. Kwa treni za mjini za chini ya ardhi, ni London tu iliyotangulia. Yaani watu wa hapa walikaa, wakakitazama kilima hiki, wakakubaliana kwamba binadamu asikipande, wakachimba. Na mie nimekipanda!

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Iko kwenye simu," akasema. "Lakini si ulisema unataka kuona mji?"

Sikusema. Sijawahi kusema.

Jioni tumekaa kwenye kibaraza, nimevua makubadhi, miguu imevimba, nakishika kigilasi kingine kwa vidole vilivyoungua. Mama Watoto kanionea huruma. Kanisogelea, sauti laini ile ya siku za fungate, kaniambia karibu na Ayasofya kuna hamamu ya karne ya 16, kajenga Sinan mwenyewe, yule msanifu mkuu wa majengo ya Sultani, kwa ajili ya Hürrem, mke wa Sultani Süleyman. Maji moto, mvuke, unalazwa juu ya jiwe la marumaru, uchovu wote unaisha.

"Nenda wewe kaoge, mume wangu. Mie nitakungoja nje."

Nimemwambia nilishaoga asubuhi.