Korongo likijaa, daraja la reli hugeuka njia ya miguu

Asubuhi moja ya Februari, upande wa Bahi, mkoani Dodoma, nilimwona mama mmoja akivua kandambili zake, akazitia ndani ya beseni alilojitwika, kisha akaanza kuvuka daraja la reli kwa miguu mitupu, akipapasa taruma, yaani boriti zinazobeba vyuma vya reli, moja baada ya jingine. Kati ya taruma na taruma palikuwa na uwazi, na chini yake maji ya matope yalikuwa yanakwenda kasi. Hakutazama mbele wala nyuma, kwa sababu macho yake yote yalikuwa miguuni. Alifika ng'ambo salama, akavaa kandambili, akaendelea na safari yake kama mtu aliyevuka barabara.

Kwa mujibu wa sheria, mama yule alifanya kosa. Njia ya reli pamoja na hifadhi yake ni eneo ambalo mtu asiye na kazi hapo haruhusiwi kuingia, na daraja la reli limejengwa kwa ajili ya treni peke yake. Wanaoitetea sheria hiyo wana hoja nzito, tena nzito kuliko wapita njia wengi wanavyodhani. Treni haina usukani wa kumkwepa mtu, na uzito wake hauiruhusu kusimama kwa ghafla. Dereva akimwona mtu relini, analoweza kufanya ni kupiga honi, kufunga breki na kungoja, na akishaua, hubaki na picha hiyo maishani ingawa hakuwa na kosa lolote. Sisi wa Dodoma hatuhitaji kuhubiriwa juu ya uzito wa treni. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa inapanda mlima karibu na Igandu ilishindwa, ikarudi nyuma kwa uzito wake yenyewe na kugongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Ajali ile haikusababishwa na wapita njia, lakini ilitufundisha kwamba tani zile zikishaanza kwenda hakuna mkono wa kuzizuia.

Hata hivyo, upande wa pili nao unastahili kusikilizwa bila haraka. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, na makazi mengi yamekua kufuata stesheni zake. Bibi zetu walipita relini kwenda kisimani, wazazi wetu wakapita kwenda shule, na hakuna aliyewahi kuiona njia hiyo kuwa ni ya wizi. Isitoshe, katika mbuga za udongo mweusi unaonata wakati wa mvua, tuta la reli ndilo sehemu pekee iliyo juu na kavu. Makorongo yetu nayo huwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na wakati huo watu hupita chini ya daraja bila tatizo. Mvua zikianza Desemba hadi Aprili, korongo lilelile linaweza kumsomba ng'ombe, na mwenye mgonjwa, mwenye mtihani au mwenye nyanya za kupeleka gulioni huchagua kati ya maji anayoyaona na treni asiyoiona. Anayesema watu hawa ni wakaidi hajawahi kusimama kwenye ukingo huo.

Lakini kuielewa sababu ya mtu hakupunguzi hatari yake, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema kwamba mwenyeji anaijua reli yake. Ujuzi huo una mipaka. Mwenyeji anajua siku za treni ya abiria, ila treni ya mizigo na kiberenge cha mafundi havifuati siku hizo. Tulipokuwa watoto tulitega sikio juu ya chuma ili kusikia kama treni inakuja, na mara nyingi tulisikia kweli, ila upepo mkali wa nyanda hizi hupeleka mvumo upande mwingine, na treni inayoteremka mlima huja bila kelele nyingi za injini. Tuchukue mfano wa daraja la mita 60. Mtu anayepapasa mataruma kwa nusu mita kila sekunde atatumia dakika mbili kulivuka. Treni inayokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa, husafiri zaidi ya kilomita moja na nusu katika dakika hizo mbili. Kwa hiyo njia iliyokuwa nyeupe hadi kwenye kona alipokanyaga taruma la kwanza inaweza kuwa na treni kabla hajafika katikati.

Tena daraja si sawa na reli ya tambarare, jambo ambalo marufuku ya jumla huliacha pembeni. Kwenye tambarare mtu akishtuka huruka hatua tatu, akaangukia kwenye kokoto na kupona. Kwenye daraja hana pa kurukia, na kujibanza pembeni hakusaidii, kwa kuwa behewa limetokeza nje ya chuma cha reli kwa zaidi ya nusu mita kila upande.

Reli mpya ya SGR, ile ya kisasa inayotumia umeme, imelijibu tatizo hili kwa namna yake. Ina uzio pande zote mbili, na watu na mifugo wamewekewa vivuko vya chini na vya juu. Tangu treni zake zianze kufika Dodoma mwaka 2024, zikiwa na uwezo wa kwenda kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 kila sekunde, uzio huo si jambo la kubishaniwa, na nyaya za umeme zilizo juu yake zina volti 25,000, kiasi kwamba umeme unaweza kumrukia mtu kabla hajazigusa. Malalamiko ya wafugaji kwamba vivuko viko mbali ni ya haki na yanapaswa kujibiwa kwa kuongeza vivuko, ila kukata uzio kunamweka hatarini pia mtoto wa jirani atakayefuata tundu hilo kesho yake.

Reli ya zamani haitazungushiwa uzio wote, na sioni sababu ya kujidanganya kuhusu hilo. Wapo wanaosema kwamba kujenga njia ya waenda kwa miguu pembeni ya daraja la reli kutawavuta watu wengi zaidi karibu na treni. Hofu hiyo ina ukweli pale ambapo njia hiyo itashikamana na daraja lenyewe bila kizuizi. Ndiyo maana naona ni afadhali kivuko chembamba cha chuma kinachojitegemea, hatua kadhaa kutoka kwenye reli, kwenye yale makorongo machache ambayo kila mwenyekiti wa kijiji anaweza kuyataja bila kufikiri. Gharama yake ihesabiwe na halmashauri pamoja na Shirika la Reli, kwa sababu barabara ni ya mmoja na daraja ni la mwingine, na mama mwenye beseni amekuwa akiangukia katikati yao. Kikishajengwa, mlinzi awekwe darajani na faini itozwe bila huruma. Kabla ya hapo, kumtoza faini mtu ambaye korongo limemfungia njia ni kumwadhibu kwa sababu ya mvua.