Mmalawi aliyekufa akimuokoa Mtanzania, na sisi hata jina lake hatulijui

Ule mvutano wa sisi na Malawi kuzuiliana mazao wa Aprili 2025 uliisha haraka tu, viongozi wakaongea, zuio likaondolewa, malori yakaanza kupita tena pale mpakani Kasumulu. Ila kuna komenti moja ya kipindi kile imenikaa kooni mpaka leo. Mtu aliandika, "Kwani hawa Wamalawi wamewahi kutufanyia nini sisi?" Chini yake watu wamecheka weee, mmoja kaingiza habari za mgogoro wa mpaka wa Ziwa Nyasa, mwingine kasema nchi yenyewe ndogo hiyo wafungiwe tu wafe njaa. Wafe njaa! Watu ambao ukitoka Kyela ukavuka mto Songwe ukafika Karonga unakuta Wangonde, na Mnyakyusa akiwasalimia kwao wanamwelewa vizuri tu, mila zinafanana, na mpaka unaowatenganisha aliuweka mkoloni.

Basi nataka nilijibu hilo swali. Walitupa Chancy Chitete.

Najua wengi mtauliza huyo ni nani, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, maana hili jina lilitakiwa kila mtoto wa darasa la tano Tanzania awe analijua kama anavyojua jina la mlima Kilimanjaro.

Chitete alikuwa praiveti wa jeshi la Malawi, yaani hana nyota hana tepe, yule askari wa mwisho kabisa kwenye mstari, ambaye akipita mtaani hakuna anayegeuka. Novemba 2018 alikuwa Kongo, Kivu Kaskazini, kwenye ile brigedi ya UN ambayo Baraza la Usalama liliiunda Machi 2013 kwa azimio namba 2098, yenye wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kipindi hicho hali ya Beni ilikuwa mbaya mara mbili, ADF, waasi wenye asili ya Uganda, wanachinja watu vijijini halafu Ebola nayo ilikuwa imetangazwa tangu Agosti mosi mwaka huohuo, wahudumu wa afya wanashindwa kuwafikia wagonjwa kwa sababu ya risasi. Ikaandaliwa operesheni ya kuwatoa ADF kwenye ngome yao Kididiwe. Wakaingia porini, vijana wetu na vijana wa Malawi pamoja na jeshi la Kongo.

Kule moto ukawa mkali. Koplo Ali Khamis Omary wa JWTZ akapigwa, kaumia vibaya, hawezi hata kusogea, na risasi bado zinakuja. Chitete akamwona. Akamfuata, akamburuta mpaka sehemu yenye afadhali, akaanza kumpa huduma ya kwanza ili damu isiendelee kumtoka. Akiwa kwenye kazi hiyo ya kumhudumia mwenzake na yeye akapigwa. Omary alipona. Chitete alikufa.

Hebu tulieni hapo kidogo, msikimbilie aya inayofuata. Mtu unapigiwa risasi, mwili wako wote unakuambia lala chini, jifiche, una mke nyumbani anakusubiri, na aliyeumia mbele yako sio wa kwenu, sio mliyekula naye kuruti, bendera iliyoshonwa begani kwake sio yako. Hakuna mtu duniani angekulaumu ukimpita. Hata sisi Watanzania tusingemlaumu, tusingejua hata kama alikuwepo. Na yeye akachagua kwenda. Watu huwa wananiambia "ndio kazi ya jeshi hiyo, kaapa mwenyewe", mimi nakataa kabisa. Kiapo kinakupeleka vitani, sawa, lakini ile hatua ya kutoka ulipojificha ukamfuate mgeni aliyelala kwenye damu inatoka kwenye malezi. Inatoka kwa mama na baba na wajomba na jirani waliomlea akajua kwamba mtu akianguka haumpiti, na hilo hakufundishwa kwenye kwata. Ukitaka kujua tabia ya marehemu huyu huna haja ya kusomewa wasifu mrefu msibani, dakika zile chache za Kididiwe zinatosha.

Kwenye operesheni ile ya Novemba tulipoteza walinda amani wasiopungua saba. Wasiopungua sita wa Malawi. Mmoja wetu. Nchi ambayo mtu anaandika haijawahi kutufanyia kitu ilizika vijana wasiopungua sita kutoka kwenye operesheni moja tuliyopigana bega kwa bega.

UN wenyewe waliona uzito wake. Mei 2019 wakampa Chitete medali ya ushujaa ya Kapteni Mbaye Diagne, ambayo wala haitolewi ovyo. Diagne alikuwa Msenegali, mlinda amani Rwanda mwaka 1994, aliyekuwa anawapitisha watu kwenye vizuizi vya wauaji kwa ujasiri na maneno yake, bila kufyatua risasi, akaokoa mamia, mpaka Mei 31 bomu likamuua Kigali. Medali yenye jina lake ilianzishwa 2014 na ya kwanza ilikwenda kwa familia yake mwenyewe 2016. Halafu ikaja kwa Chitete. Mke wake ndiye aliyesafiri mpaka New York kuipokea mkononi mwa Katibu Mkuu Guterres. Namfikiria sana yule mama. Ukumbi mzima umevaa suti, mabalozi wanapiga makofi, yeye kapewa kisanduku na anarudi Malawi kulea familia bila mwenzake, na huku kwetu familia nyingine mtu wao amerudi hai. Hizi familia mbili zimeunganishwa na damu kihalisi kabisa, na mimi nikiwa kama Mtanzania naona kuna deni hapo, halilipiki lakini angalau tulikiri.

Sasa sisi tumefanya nini? Huwa tunalia vizuri, hilo siwezi kulikana. Desemba 2017 tulipopoteza vijana wetu 15 kwa shambulio la ADF pale Semuliki, Kongo, nchi nzima ililia, majeneza yamepangwa Upanga yamefunikwa bendera, watu hata wasio na ndugu jeshini wanafuta machozi. Lakini muulize mtu leo akutajie majina mawili tu kati ya wale 15. Atakwambia namba. Tunabaki na namba, majina tunawaachia wazazi. Na kama wetu wenyewe tunawafanyia hivyo ndio utegemee Mmalawi tumkumbuke? Hata yule askari wa shaba wa pale Posta, amesimama tangu 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi wa vita ya kwanza, soma yale maandishi yote chini yake, hakuna jina la mtu hata mmoja. Karibu miaka mia imepita, huo mtindo bado tunao.

Nakubali, kwa shingo upande lakini nakubali, kwamba Malawi ndio walianza Machi 2025 kuzuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi yetu. Mkulima wa ndizi wa Rungwe mwenye mzigo unaoiva hana muda wa hadithi za mashujaa na ana haki ya kukasirika. Kasirikia sera, sema na waziri. Na wapo watakaosema UN yenyewe imeshindwa kuwalinda watu wa Beni, nayo ni kweli kwa sehemu kubwa, wananchi wa Beni wameandamana wamesema. Haimwondolei Chitete chochote. Habari ya ziwa siigusi, ina wataalamu wake.

Ila kumtukana Mmalawi, kumwombea njaa, hapana jamani. Na Januari 2025 tu hapa, miezi michache kabla ya zile komenti, wanajeshi wa Malawi na wa kwetu walikuwa wanakufa tena Kongo kwenye mapigano ya kuzunguka Goma, safari hii chini ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, watatu wao, wawili wetu. Makaburi yalikuwa bado mabichi, watu wanachekelea mtandaoni.

Ombi langu ni moja na serikali inaliweza. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara, kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua. Mwaka mmoja, hata kama ni mmoja tu, mke wa Chitete aalikwe na serikali yetu, akae jukwaa kuu pamoja na balozi wa Malawi, Koplo Omary awepo kama ataridhia, na kabla ya tarumbeta kupigwa jina lisomwe kwa kipaza sauti, Praiveti Chancy Chitete wa Malawi, kisha yasomwe ya wale 15 wa Semuliki, moja moja, na cheo cha kila mmoja.